Hopsi zinanuka jibini kabatini: zimekufa, au bado zinafaa?

*Shikamoo mama. Naishi Kisasa hapa Dodoma, huu ni mwaka wa pili natengeneza bia nyumbani, ndoo moja ya lita 20 kila nikipika. Mwezi wa sita shemeji yangu alirudi safari ya nje akaniletea kilo moja ya hopsi, yale maua makavu ya kutia bia uchungu na harufu, za vidonge aina ya Cascade, kwenye mfuko mzito wa foili. Nilitumia mara mbili, gramu 60 kila mara. Zilizobaki nikakunja mdomo wa mfuko, nikabana na kibanio cha nguo, nikaweka kabati la jikoni. Sasa ni Oktoba. Vidonge vimepoteza ukijani na vinanuka kama jibini, au niseme soksi. Bia ya mwisho haikuwa na harufu yoyote. Rafiki mmoja anasema nizianike juani zikauke vizuri, mwingine anasema nizichanganye na mchele kwenye chupa. Je, nizitupe? Na nusu kilo nyingine inakuja Desemba, niihifadhije na umeme wetu huu unaokatika?*

Marahaba mwanangu. Usizitupe leo, ila tafadhali usizianike. Jua litamaliza kile kidogo kilichobaki.

Kosa ulilofanya nalielewa, maana linatokana na malezi yetu. Sisi watu wa kanda ya kati tumekulia kwenye ukavu, na ukavu umetulisha. Mlenda unakaushwa, unatwangwa, unakaa mpaka masika mengine. Mtama ukikauka sawasawa unaingia kihenge na hakuna wa kuugusa isipokuwa fukusi. Kwa hiyo mtu wa Dodoma akiona kitu cha kijani kilichokauka, moyo unatulia: kimeshapona hicho, weka kabatini. Marafiki zako wote wawili wamefuata hesabu hiyo hiyo, mmoja kwa jua na mwingine kwa mchele. Wanapigana na unyevu. Lakini unyevu wa hopsi zako ulishamalizwa huko zilikotoka. Ua la hopsi likichumwa huwa karibu robo tatu yake au zaidi ni maji. Linakaushwa kwenye tanuri mpaka yabaki kama asilimia 8 hadi 10, ndipo linasagwa na kushindiliwa kuwa vidonge. Mchele hauna cha kunyonya hapo, na ukija kuupika utanuka hopsi.

Kinachouzwa ndani ya hopsi ni mafuta na utomvu. Mara ya kwanza nilipopasua ua zima la hopsi maabara, nilikuta kwenye vikonyo vya petali chembechembe za unga wa njano, mdogo kama chavua ya alizeti. Hiyo ndiyo lupulini. Nilisugua kwa vidole, vikanata kama nimeshika ulimbo, na mkono ukanukia ganda la chungwa na nyasi mbichi mpaka jioni, sabuni haikufua dafu. Petali zile za kijani ni ganda tu. Uchungu wa bia na harufu yake vyote vimo kwenye huo unga unaonata, kwa hiyo zihifadhi hopsi kama unavyohifadhi mafuta.

Na mafuta tunayajua. Umeshapita barabara ya kwenda Singida, ukaona alizeti iliyokamuliwa imepangwa kwenye chupa kando ya lami, jua linazipiga tangu asubuhi. Mafuta ya chupa iliyokaa hapo wiki nzima ukiyaonja yanakukwaruza koo. Hayajaingia maji wala uchafu. Yamekutana na hewa, joto na mwanga. Hopsi zinaharibika kwa njia hiyo hiyo, tena haraka zaidi.

Ndani ya lupulini kuna asidi za alfa, zile zinazoandikwa asilimia kwenye pakiti. Zikichemshwa ndizo zinaleta uchungu. Oksijeni ikizipata zinavunjika, na mojawapo ya mabaki ya kuvunjika huko ni asidi ya isovaleriki. Hiyo ndiyo jibini lako, na hiyo ndiyo soksi pia, maana ni asidi ile ile inayotoka kwenye jasho la miguu. Pua yako haikukudanganya. Harufu nzuri nayo inabebwa na mafuta mepesi, hasa mirseni, yanayoruka hewani na kugeuka upesi kuliko asidi za alfa. Ndiyo maana harufu ilikutoroka kwanza, na uchungu ukafuata nyuma.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu utabaki kukisia. Watengenezaji bia wa nyumbani hutumia kanuni hii ya makadirio: kila ukishusha joto kwa nyuzi 15 za Selsiasi, kasi ya hopsi kuharibika inapungua nusu. Kisha kila aina ina tabia yake. Cascade, iliyotolewa kwa wakulima kule Oregon, Marekani, mwaka 1972, inapendwa duniani kote lakini ni dhaifu ghalani: ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi 20 inabaki na karibu nusu ya asidi zake za alfa. Kabati lako lipo chini ya bati, karibu na jiko, Dodoma, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Usiku wa Julai palikuwa na ubaridi, sawa, lakini Septemba na Oktoba mchana kabati hilo lilikuwa tanuri. Tukichukua wastani wa nyuzi 28 na mfuko uliofunguliwa, kwa miezi 4 uchungu uliobaki ni karibu nusu. Zingekaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, zikiwa zimefungwa bila hewa, mwaka mzima ungepita zikiwa bado na kama asilimia 90.

Nusu kwa miezi 4, asilimia 90 kwa mwaka. Tofauti hiyo inatoka kwenye mahali ulipoziweka na namna ulivyozifunga, basi.

Kuhusu hizo gramu 880 ulizonazo, anza na pua. Chukua vidonge vitatu, vivunje kiganjani, sugua mpaka mikono ipate joto, kisha nusa haraka. Ukipata nyasi kavu, chai ya zamani au karatasi, zimechoka lakini zinafaa kwa uchungu. Ukipata jibini kwa mbali huku hopsi bado inasikika nyuma yake, zinafaa kwa uchungu pia, mradi uzichemshe dakika 60 kamili kwenye sufuria isiyofunikwa, mvuke uondoke na sehemu ya hiyo harufu. Jibini likikupiga usoni kabla hujasugua, hizo ndizo za kutupa. Mfuko mmoja unaweza kuwa na zote tatu: zilizo juu karibu na mdomo zimeoza mafuta, zilizoshindiliwa chini zina nafuu. Kwa hiyo usinuse juu tu. Mimina zote kwenye sinia, chambua.

Zitakazopona, zipimie kama hopsi zenye nusu ya nguvu. Kama pakiti iliandika alfa asilimia 6 na mapishi yako yanataka gramu 30, weka 60 ukihesabu asilimia 3. Usiende zaidi ya hapo. Majani yakizidi kwenye sufuria yanaleta uchungu wa majani, ule unaokwama kwenye meno, na tena yananyonya bia yako. Na kwa vyovyote usizitie mwishoni mwa mchemsho wala kwenye ndoo ya kuchachushia. Huko hopsi inaingia kwa ajili ya harufu, na harufu ya hizi huijui tena ni ya nani.

Maabara tulikuwa na njia ya uhakika zaidi. Unayeyusha utomvu kwa kemikali, unapitisha mwanga wa nanomita 275 na wa nanomita 325, unapima kiasi kilichonyonywa cha kila mwanga, kisha unagawanya cha kwanza kwa cha pili. Hopsi mpya hutoa kama 0.25 hivi, na namba inapanda kadiri zinavyozeeka. Jikoni kwako huna kifaa hicho, lakini nakueleza ili ujue kwamba uzee wa hopsi unapimika, si mambo ya kuhisi. Wauzaji wengine wazuri huandika namba hiyo kwenye cheti cha mzigo. Ukiiona 0.5, hata kama bei imeshuka nusu, waachie.

Kuna watu wanaozitaka hopsi kuukuu kwa makusudi. Wabelgiji wanaotengeneza bia chachu iitwayo lambic huziweka hopsi miaka kadhaa mpaka uchungu na harufu vififie, kwa sababu wanachohitaji ni ile nguvu yake ya kuzuia baadhi ya bakteria tu. Nguvu hiyo ndiyo inayofanya bia ya hopsi ikae miezi. Mama yangu alipika pombe ya mtama kwa mikono safi kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi, na bado siku ya pili ilikuwa inaanza kuuma ulimi, ya tatu haipo. Haina hopsi ndani yake, bakteria wa uchachu wanajitawala.

Haya, twende kwenye nusu kilo ya Desemba, hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini.

Siku utakayoufungua mfuko ndiyo siku ya kuugawa wote. Sio "nitachota leo nitagawa wikiendi". Kila ukifungua, hewa mpya inaingia, na ukifunga unaifungia humo humo. Fanya kazi hiyo alfajiri au usiku, Desemba mchana ni joto mno. Andaa kila kitu kwanza: mzani wa jikoni unaosoma gramu, mifuko iliyokwisha kuandikwa, mashine ya kunyonya hewa na kufunga mifuko imechomekwa na kujaribiwa. Ndipo uchukue mkasi. Gawa kwa kipimo cha mpiko mmoja. Kwa ndoo yako ya lita 20 nakushauri pakiti za gramu 30, utapata kama 16. Mpiko ukitaka 60, unachukua mbili, na hakuna pakiti inayobaki wazi hata siku moja. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika aina ya hopsi, asilimia ya alfa, mwaka wa mavuno na tarehe uliyofunga. Andika kabla ya kujaza, maana mfuko ukishaingia friza wino haushiki.

Mifuko ndiyo inayowaangusha wengi. Ule mwembamba unaong'aa, wa kufungia karanga na ubuyu sokoni, unazuia maji lakini oksijeni inapenya taratibu kwenye plastiki yenyewe. Hata yenye zipu ya kubonyeza ni hivyo hivyo. Ushahidi unao: weka hopsi kwenye mfuko huo, funga vizuri, uweke kwenye droo. Baada ya siku chache fungua droo. Kama droo inanukia hopsi, basi harufu imetoka, na palipotoka harufu hewa imeingia. Unachotaka ni mfuko wa tabaka. Bora kabisa ni wenye foili ndani, kama ule aliokuletea shemeji. Unaofuata ni ule mzito wenye mikunjo midogo ya vyumba-vyumba, unaouzwa pamoja na mashine za kunyonya hewa za kufungia nyama na samaki, kwa kuwa una tabaka la nailoni.

Mashine hiyo ya kunyonya hewa ndogo ya nyumbani inatosha. Kidonge cha hopsi hakivunjiki kwa kunyonywa. Vidonge vikibanwa mpaka mfuko unakuwa mgumu kama tofali, umefaulu. Uangalie tena kesho yake asubuhi: uliolegea una tundu, ufunge upya. Huna mashine? Tafuta chupa ndogo za kioo zenye mfuniko wa chuma unaobana, jaza mpaka juu kabisa, gonga-gonga chini vidonge vishuke, ongeza, funga. Kioo hakipitishi oksijeni hata chembe. Tatizo lake ni ile hewa iliyobaki katikati ya vidonge, ndiyo maana nasema chupa ndogo, uzimalize ndani ya miezi michache.

Kuna vipakiti vya unga wa chuma vinavyokula oksijeni, vinavyowekwa kwenye vyakula vya kusindikwa. Hivyo vinafaa sana, kimoja ndani ya kila mfuko wa foili au chupa. Usivichanganye na vile vya punje za kioo vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Vile vya viatu vinanyonya unyevu, havigusi oksijeni. Na vile vya chuma huanza kazi pale pale unapofungua furushi lao, kwa hiyo chukua unavyohitaji na ufunge vilivyobaki upesi, la sivyo vitakula hewa ya jikoni mpaka vishibe.

Kisha friza. Weka pakiti zote ndani ya kopo moja lenye mfuniko, uliweke chini kabisa kwenye kona, mbali na mlango. Kopo lina kazi mbili: linazuia harufu ya sangara isiingie kwenye hopsi, na linakuepusha kupekua kila pakiti huku mlango uko wazi. Kama nyumbani mnauza barafu za ubuyu, na nyumba nyingi hapa zinauza, friza hiyo inafunguliwa mara 20 kwa siku na watoto wanaochagua rangi. Hapo kona ya chini ni lazima. Kama huna friza, sehemu ya baridi ya friji, kwenye nyuzi 4, bado ni mbali sana na kabati. Cascade iliyofungwa bila hewa humo itabaki na kama asilimia 85 baada ya miezi 6.

Kuhusu umeme, punguza wasiwasi. Friza iliyojaa, mlango usipofunguliwa, hukaa na ubaridi wake kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, acha vidole vitatu juu maana barafu inatanuka. Na hata zikiyeyuka, hopsi si nyama. Hakuna sumu inayoota ndani ya siku mbili, unazigandisha tena bila shida. Nimekupigia hesabu: pakiti isiyo na hewa ikikaa siku 2 kwenye nyuzi 25 inapoteza chini ya asilimia 1 ya uchungu wake. Umeme ukikatika na ukarudi, hopsi zitakuwa za mwisho kulalamika humo ndani. Anza na samaki.

Siku ya kupika, kama pakiti nzima inaingia kwenye sufuria inayochemka, ikate na umimine zikiwa na baridi yake, hakuna haja ya kungoja. Lakini kama unataka kuchota kidogo na kurudisha, iache mezani ikiwa imefungwa mpaka iwe na joto la chumba. Ukiifungua ikiwa ya baridi, hewa ya jikoni inatoa umande juu ya vidonge, na wakati wa mvua, Januari au Februari, utauona kwa macho kama chupa ya soda iliyotolewa friji. Hapo ndipo unyevu unakuwa adui kweli.

Neno juu ya ununuzi. Mwombe anayekuletea asome mwaka wa mavuno kwenye pakiti, si tarehe ya mwisho ya matumizi. Nchi za kaskazini huvuna Agosti na Septemba, kwa hiyo mzigo wa Desemba unaweza kuwa mpya kabisa ukiulizia. Mashamba ya Afrika Kusini, upande wa George, huvuna mwanzoni mwa mwaka. Na mwambie achukue aina mbili: Cascade robo kilo kwa harufu, na Magnum robo kilo kwa uchungu. Magnum ina alfa ya asilimia 12 hadi 14, gramu chache zinatosha, na inavumilia: pale Cascade inapobaki nusu, Magnum hubaki na asilimia 80 au zaidi. Kwa mtu wa joto kama wewe, uchungu wako wote ungetoka huko. Ukiupokea mzigo Dar, uwe nao mkononi kwenye treni, au kwenye boksi la barafu. Usikubali ulale kwenye buti la gari lililoegeshwa juani.

Kama wazo la kupanda mwenyewe limekujia, nalijua, nililijaribu kichwani miaka mingi. Hopsi inahitaji siku ndefu za kiangazi ili itoe maua ya kutosha, na hapa kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Mmea utapanda kamba vizuri, maua utayahesabu kwa vidole.

Mwisho, zile utakazochagua kuzitupa, pamoja na mashapo ya hopsi yanayobaki kwenye sufuria kila unapopika: usiyamwage nyuma ya nyumba. Hopsi ni sumu kwa mbwa. Joto la mwili wake linapanda ghafla, anahema bila kukoma, na anaweza kufa siku hiyo hiyo, na harufu tamu ya kimea kwenye mashapo ndiyo inayomvuta. Chimba shimo, fukia, weka jiwe juu, na uwaambie na majirani zako wenye mbwa.